Kaunti Arobaini na Sita Ukutani

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kipaji kimoja tu, na wazazi wangu walikitumia mpaka kikachakaa. Mgeni akija kwetu, akishamiminiwa chai, mama aliniita kutoka nje, akanipangusa pua kwa ncha ya leso yake, akanisimamisha mbele ya kabati la vyombo. "Haya, mwambie mgeni mikoa." Nami nikaanza. Pwani, Mombasa. Kaskazini Mashariki, Garissa. Mashariki, Embu. Kati, Nyeri. Nyanza, Kisumu. Magharibi, Kakamega. Nairobi, Nairobi. Bonde la Ufa nililiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu makao yake makuu yalikuwa Nakuru na sisi tulikuwa Nakuru, na nilipofika hapo niliinua kidevu kana kwamba mji wenyewe ulijengwa na baba yangu, ambaye kwa kweli alikuwa karani wa ghala la ngano. Mgeni alipiga makofi. Nilipewa andazi.

Ukubwa wa mkoa wetu ulinilevya. Ulianzia Turkana, huko juu kabisa, ukashuka mpaka Kajiado kwenye mpaka wa Tanzania, na watu wa urefu wote huo, wakitaka karatasi fulani ipigwe muhuri wa mkoa, walilazimika kuja kwetu. Niliwaona stendi wakishuka na vumbi kwenye nyusi, wakiuliza ofisi ya mkuu wa mkoa iko wapi. Niliwaonyesha kwa kidole, kwa ukarimu wa mtu ambaye hajawahi kwenda kwao wala hana mpango. Nilikua nikiamini kwamba hiyo ndiyo maana ya makao makuu: mahali ambapo wengine huja.

Sasa nina miaka hamsini na minne na sioni kama nimebadilika sana. Nina digrii mbili. Ya tatu niliiacha njiani, chuoni huko Njoro, ingawa majirani wananiita Prof na mimi nimechoka kuwasahihisha, au tuseme ukweli, sijawahi kuanza. Kwa miaka mingi nimeandika sehemu za vitabu vya jiografia vya shule za msingi. Sehemu yangu ilikuwa ni ile ya mgawanyo wa nchi, mikoa na makao yake makuu. Katiba mpya ilipokuja, na baada yake uchaguzi wa kwanza wa magavana, sura yangu ilikufa bila kuugua. Mikoa minane iliondoka, kaunti arobaini na saba zikaingia. Nilizikariri zote kwa juma moja, pamoja na makao makuu yake na ubishi wake: kwamba Laikipia ni Rumuruti hata kama wewe umezoea kuona ofisi Nanyuki, na kwamba Tharaka Nithi ni Kathwana, si Chuka. Tangu hapo, kwenye harusi na kwenye matanga, watu hunirushia kaunti nami nawarudishia mji.

"Makueni?"

"Wote."

"Nyandarua?"

"Ol Kalou."

"Tana River?"

"Hola. Niulize ngumu."

Siku hizi hakuna anayenipa andazi, lakini hisia ni ileile.

Mgawanyo huo ulioniulia sura ya kitabu ulifika pia nyumbani kwangu. Mke wangu ni afisa wa mifugo. Alifanya kazi kwenye ofisi ya mkoa hapa Nakuru, na dawati lake lilikuwa karibu na dirisha linalotazama mlima Menengai. Mkoa ulipokwisha, mambo ya mifugo yalikabidhiwa kaunti, na maafisa wakagawanywa. Mmoja alipata Bomet, mwingine Kabarnet, yule wa dawati la pili akapelekwa Kapsabet akashukuru kwa sababu ni kwao. Mke wangu alipata Samburu. Makao makuu, Maralal. Niliyajua kabla hajamaliza kuisoma barua.

Nilimfungia sanduku mwenyewe. Nasema haya kwa aibu, maana mimi ndiye mtaalamu wa jiografia wa nyumba ile. Sisi watu wa Nakuru tuna imani ambayo haimo katika kitabu chochote, hata changu: kwamba ukishapita Nyahururu nchi inakwisha, linaanza jua. Nilimwekea magauni mepesi. Nilimnunulia feni. Alikuwa ameweka sweta yake nzito ya kijani, ile ya kufuma kwa mkono, nami nikaitoa nikairudisha kabatini. "Hii utaibeba ya nini?" nilimwambia. "Huko unakwenda kuiva."

Alinipigia simu jioni ya pili.

"Mwalimu." Huniita hivyo tangu nilipokuwa mwalimu kweli.

"Eeh."

"Nimevaa nguo zote ulizonifungia. Zote, kwa pamoja."

"Kuna nini?"

"Baridi! Huku ni kama Molo. Asubuhi nikifungua mlango natoa moshi mdomoni. Ile feni nimempa jirani, anapulizia jiko."

Tulicheka sana. Wakati huo tulidhani ni jambo la mwaka mmoja, miwili hivi, mpaka serikali ijipange. Alikuwa akishuka kila likizo, na asali ndani ya kibuyu cha plastiki, na vicheko vya watu nisiowajua. Alinunua sweta nyingine huko huko. Ile ya kijani aliiacha kabatini, na kila alipoondoka nilifungua kabati kutazama kama ameichukua. Hakuichukua. Nilijifariji kwamba mtu hawezi kuacha sweta mahali asipokusudia kurudi.

Mimi sikuwahi kupanda kwenda kwake. Mwanzoni nilisema barabara ni mbovu, na ilikuwa mbovu. Ilipotiwa lami nilisema mgongo. Mgongo ulipopona nikawa na mitihani ya kusahihisha. Alikuwa ananiuliza, "Utakuja lini?" kisha miaka ikapita akawa ananiambia, "Ungekuja uone," kisha akaacha. Sikugundua siku aliyoacha. Binti yetu alimaliza chuo akapata kazi Nairobi, na nyumba ikabaki na mimi na sufuria.

Nimejifunza kupika githeri, mahindi yenye maharagwe, ya kula siku nne. Siku ya kwanza huwa na furaha, siku ya pili ni chakula, siku ya tatu ni wajibu, na ya nne naila nimesimama. Mama anayeniuzia maziwa aliacha kuniuliza ni lita ngapi. Ananiwekea nusu, ananitazama kwa huruma ya mtu anayejua hesabu ya nyumba. Upande wa kitanda wa mke wangu umejaa vitabu. Nilianza kwa kuweka kimoja, nikawa naviongeza bila kufikiri, na sasa vimefika urefu wa mtu aliyelala. Usiku mmoja niligeuka nikavisukuma nikavisikia vikianguka, nikasema "pole" kabla sijaamka vizuri.

Mji wetu nao umekuwa mpweke kwa namna yake. Tulipewa hadhi ya jiji, na siku hiyo majirani walipiga honi mpaka betri zikaisha. Wakubwa fulani wa serikali ya kitaifa bado wanakaa hapa na bado wanasema "rijoni," yaani mkoa, kama jamaa ambao hawajaambiwa kwamba mzee amefariki. Lakini watu wa Lodwar hawaji tena kutafuta muhuri. Wana gavana wao. Nakuru ni makao makuu ya Nakuru, basi, na mimi nikipita mbele ya ofisi za zamani za mkoa huwa natembea polepole bila sababu.

Krismasi iliyopita mke wangu alishuka kama kawaida. Alikuwa amejenga nyumba ndogo ya mawe pembeni mwa mji wa Maralal. Nilijua, maana alikuwa akinitumia picha: msingi, ukuta, mabati. Nilimjibu kila picha kwa neno moja, "Safi." Siku moja kabla ya kuondoka tulikaa barazani na chai, akasema, akitazama ua la jirani:

"Kuna chumba cha pili. Fundi ananiuliza ni cha nini."

"Mwambie ni chumba."

"Anajua ni chumba. Anauliza atengeneze rafu za vitabu ukuta mzima, ama aache nafasi ya kitanda cha wageni."

Nikanywa chai. Ilikuwa ya moto lakini niliinywa.

"Mwaka huu unaokuja nastaafu," alisema. "Sirudi Nakuru, si nilikuambia? Nimezoea kule. Watu wananijua, ng'ombe wananijua. Sasa wewe niambie, Mwalimu. Rafu ama kitanda?"

"Si tutaongea?"

"Tumeongea miaka kumi. Niambie kabla ya Pasaka. Fundi naye ana kazi zingine."

Hakuinua sauti. Angeinua ningejua la kufanya, maana kelele nazijua. Aliondoka asubuhi yake, nami nikaanza kulifikiria swali lile kwa njia yangu ya kawaida, yaani nililiweka mahali ambapo sitaliona.

Mwezi wa pili, mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu nasi alinisimamisha njiani. Ni mama mchangamfu, jirani wa siku nyingi, ambaye mtaa mzima tunamwita Madam.

"Prof, nisaidie. Ule ukuta wetu wa mbele bado uko na mikoa! Watoto darasani wanasoma kaunti, wakitoka nje kwenda kukojoa wanakuta mikoa. Wanachanganyikiwa."

Niliujua ukuta huo. Ramani ya Kenya ilichorwa hapo zamani na mtu mwenye mkono mzuri, mikoa minane, rangi zimepauka mpaka Nyanza na ziwa lake vikawa kitu kimoja. Kwenye Bonde la Ufa kulikuwa na nyota nyekundu, Nakuru. Nyota zingine zilikuwa ndogo zaidi, au ndivyo nilivyozoea kuziona.

"Nimepata mtu wa rangi," Madam aliendelea. "Anataka tu orodha ya kaunti na makao makuu, na mchoro wa kufuata. Nitafute ile chati ya ukutani nikuletee uangalie?"

"Chati ya nini?" nilisema. "Niko nayo kichwani."

Kosa langu lote ni sentensi hiyo.

Nilikaa mezani jioni moja, nikachora mipaka kwa penseli, nikaandika orodha bila kutazama popote. Sasa, kumbukumbu yangu ni kama kabati la ofisi ya zamani: faili ni mpya lakini droo ni zilezile. Kaunti naweza kuzikumbuka tu kwa mikoa yake. Kwa hiyo nilianza kama nilivyoanza mbele ya kabati la vyombo la mama. Pwani, sita. Kaskazini Mashariki, tatu. Mashariki, nane. Kati, tano. Nyanza, sita. Magharibi, nne. Nairobi, yenyewe. Bonde la Ufa mwisho, kwa heshima. Sikuhesabu. Mtu hahesabu vidole vyake. Chini kabisa niliandika "Imehakikishwa," nikatia sahihi.

Mchoraji alitoka Kikopey, kule kwenye nyama choma, ambako amepaka mabucha mengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na ovaroli yenye rangi zote isipokuwa ile ya awali. Aliikunjua karatasi yangu akaigeuza huku na huku.

"Prof, mimi huchora mbavu na mapaja. Nchi sijawahi."

"Ni sawa tu. Fuata mistari."

"Sawa boss. Lakini ikikaa kama mguu wa mbuzi usinilaumu."

"Ikiwa na kaunti zote, hata ikikaa kama matumbo."

"Hiyo ya kugawa naweza," alisema. "Kugawa ndio kazi ya bucha."

Alifanya kazi siku nne. Kila siku nilipita hapo nikijifanya nakwenda kununua mkate, na sijawahi kununua mikate mingi hivyo. Kila kaunti aliipa rangi yake, akaizungushia ukingo mweupe kama mafuta pembeni mwa nyama, na makao makuu akayatia kitone cheusi na jina kwa herufi zilezile zenye mkia ambazo kwa kawaida humwita msafiri aje ale. Nchi ilipendeza. Ilikaa vizuri ukutani, nono kidogo.

Siku ya kumaliza, Madam aliita walimu, wapishi wa shule, mchoraji, mimi na askari wa lango tuje tunywe soda mbele ya ukuta. Alinishukuru kwa maneno marefu. Mimi nilitazama chini kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi.

Askari alikuwa amesimama karibu na ramani, rungu kwapani, soda mkononi. Ni mtu wa rika langu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipita langoni nikimwambia "Sasa boss," naye akinijibu "Poa mzee," na hatukuwahi kuendelea zaidi ya hapo. Aliiweka chupa chini, akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Prof," alisema. "Kwetu umeipeleka wapi?"

"Kwenu ni wapi?"

"Maralal."

Niliinua kidole, kidole kile kile nilichowaonyeshea watu ofisi ya mkuu wa mkoa, nikakipeleka kaskazini ya Nakuru. Nikapita Nyahururu. Nikaingia Laikipia, ambayo mchoraji alikuwa ameipaka kijani kizuri cha sukuma wiki, nikapandisha. Kijani kikaendelea. Nikapandisha tena, kijani kikaendelea, mpaka kidole kikafika karibu na ziwa Turkana na bado kilikuwa Laikipia.

"Nadhani imefunikwa na rangi," nilisema.

Mchoraji aliacha kutabasamu. Aliingiza mkono kwenye ovaroli akatoa karatasi yangu, imekunjwa mara nane, ina alama za vidole vya rangi.

"Mimi nimefuata karatasi, Prof. Si hii? Bonde la Ufa." Akasoma kwa sauti akigusa kila jina kwa kucha. Turkana, Lodwar. Pokot Magharibi, Kapenguria. Trans Nzoia, Kitale. Aliyasoma polepole, kama mtu anayesoma majina ya waliookolewa ajalini, mpaka akafika Bomet. "Kumi na tatu."

"Ni kumi na nne," nilisema.

"Hapa ni kumi na tatu. Na sahihi ni yako."

Madam alikuwa tayari anahesabu ukutani, midomo ikicheza. "Arobaini na sita," alisema.

"Sasa mimi ni mkimbizi?" askari aliuliza. "Disemba nikienda nyumbani nibebe paspoti?"

Mpishi mmoja akadakia, "Usijali, baba. Utakaa na sisi jikoni, tutakupa kitambulisho cha ugali."

"Na mshahara wangu wa miaka yote nimekuwa nikiutuma nje ya nchi!"

Watu walicheka mpaka soda zikamwagika. Nilicheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote. Madam peke yake hakucheka. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, na ningependa sana kama angenitukana badala yake:

"Prof. Si Maralal ndiko mama yuko?"

"Ndiko."

"Haya," alisema. "Ni kusahau tu. Watu husahau." Akaenda kuokota chupa.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Ningeweza kusahau Hola. Ningeweza kusahau Wote, au Kathwana, mji ambao sijui mtu hata mmoja anayeishi huko. Kathwana niliiandika vizuri, na mstari chini yake ili mchoraji asije akaandika Chuka. Siku ile ilikuwa siku ya nne ya githeri. Niliila nimesimama, nikatazama simu.

Nilimpigia kabla giza halijaingia. Niliisimulia kama kichekesho, kwa sababu katika umri huu sijui njia nyingine ya kubeba kitu kizito. Nilimwiga mchoraji. Nilimwiga askari na paspoti yake. Alicheka kweli, kile kicheko chake cha kukohoa mwishoni, na kwa dakika moja hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kabisa.

Kisha akasema, "Arobaini na sita."

"Ndiyo."

"Rumuruti uliiweka?"

"Niliiweka."

"Na Kathwana?"

"Eeh. Na mstari chini."

Nilisikia kuku upande wake, na mtu akipiga nyundo mbali.

"Basi umenijibu," alisema.

"Bado sijakujibu. Pasaka haijafika."

"Umenijibu, Mwalimu. Wala sina hasira. Nilikuwa nataka tu kujua, na sasa nimejua. Acha nimwambie fundi, yuko hapa nje."

Nilitaka kusema jambo. Nina hakika lilikuwepo. Lakini mtu aliyezoea kurusha majibu ya neno moja hujikuta na neno moja tu, na nililolipata lilikuwa "Sawa."

Jumamosi iliyofuata mchoraji alirudi kurekebisha. Nilikuwa nimefika kabla yake. Nilimwambia Samburu nitaipaka mwenyewe. Alinitazama mikono.

"Umewahi kushika brashi, Prof?"

"Ya viatu."

"Haya. Lakini rangi nyingine zimeisha. Imebaki hii ya nyama, na nyeusi kidogo ya kitone."

Kwa hiyo kaunti ya Samburu, kwenye ukuta ule, ina rangi ya mbavu zilizokwisha kuiva. Yeye alichora mpaka kwa chokaa, akaikata Laikipia mahali pake, mimi nikapanda ngazi nikajaza. Askari alinishikia ngazi. Kupaka rangi juu ya rangi ni kazi ya polepole. Kijani kiliendelea kuchungulia, ikabidi nirudie mara tatu. Nilipofika kwenye kitone cha makao makuu niliizamisha brashi mno, na kitone kikatoka kikubwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Ukikipima kwa skeli, mji wa Maralal umeenea karibu nusu ya kaunti.

"Nikifute?" nilimuuliza mchoraji.

Askari ndiye aliyejibu kutoka chini. "Wacha iwe kubwa. Tumekosekana siku nyingi."

Nikamuuliza, nikiwa bado juu na mgongo wangu umewaelekea, "Kweli kwenu kuna baridi?"

"Kwani mama hajakuambia?" Kumbe alijua. Mtaa mzima ulijua. "Baridi iko. Asubuhi unavaa koti mpaka jua likupate."

"Na ni mbali?"

"Mbali wapi! Unapita Nyahururu, Rumuruti, unaenda Kisima, umefika. Ukitoka hapa na chai ya asubuhi, chai ya mchana unakunywa kule."

Nilishuka ngazi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeipima Maralal kwa mikoa na kaunti, na haikunijia kamwe kuipima kwa chai.

Nilichukua siku nyingine tisa. Sitaki kusema nilikuwa ninafikiri, maana sivyo. Niliondoa vitabu kitandani nikavirudisha. Nilipita shuleni, nikakitazama kile kitone ambacho sasa kilionekana ukiwa mbali, hata kabla hujaitambua nchi yenyewe. Askari aliacha kunijibu "Poa mzee." Sasa akiniona anasema, "Bado uko?"

Jumanne kabla ya Pasaka nilimpigia mke wangu.

"Nataka kuja," nilisema.

"Kuja aje?"

"Kuja. Huko kwako. Pasaka hii."

Nilisikiliza nyundo, lakini hakukuwa na nyundo.

"Rafu hakuna," alisema. "Fundi alimaliza wiki jana. Nimeweka kitanda."

"Sawa."

"Ni chumba cha wageni, Mwalimu. Nakuambia mapema usije ukashangaa."

"Nimesikia."

"Na sijui utakaa siku ngapi, sikuulizi. Mgeni haulizwi." Sauti yake ililegea kidogo, au labda ni mtandao. "Blanketi ziko mbili. Zisipotosha utaniambia. Na uje na sweta, huku si Nakuru."

Nilifunga sanduku lile lile nililomfungia zamani, alilolirudisha likizo moja. Suruali mbili, koti, kitabu kimoja, kisha nikakitoa. Nilipofika kwenye sweta nilifungua kabati, nikavuta yangu ya bluu, na nyuma yake, kwenye hanga yake ileile, ilikuwepo ya kijani. Niliipeleka dirishani nikaikung'uta. Ilitoa vumbi la miaka, na nondo walikuwa wametoboa kiwiko kimoja. Nilijua kwamba ana nyingine, nzuri zaidi, aliyoinunua huko. Nilijua pia kwamba mgeni haji mikono mitupu, na mimi sikuwa na kitu kingine chake.

Niliikunja nikaiweka juu, mahali ambapo akifungua sanduku ataiona kwanza. Kisha nikamwambia mama wa maziwa asiniwekee nusu kuanzia kesho, na aliponiuliza nakwenda wapi nilimtajia mji bila kuutafuta kichwani.